Nitriki au feri kloridi: bamba la shaba lenye majabali ya pwani

Majabali ya itale ya Land's End, Cornwall, Uingereza, yakishachorwa kwa sindano kwenye bamba la shaba la kuchapia picha, lililopakwa nta, swali huwa lile lile: mistari iliwe na asidi ya nitriki au feri kloridi (chumvi ya chuma), ipate kushika wino?

Kwa ukali wa mwamba, nitriki inashinda. Kipimo kimoja kwa viwili vya maji (asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume) huchimba chini na pembeni, mstari ukatoka mpana, kingo zimeparuzika. Ila mapovu yakiganda mstarini huizuia asidi na kuacha mapengo. Yapanguse kwa unyoya mara kwa mara. Mistari iliyosongamana ikikaa mno, nta hubanduka katikati yake, na kivuli kizito hugeuka bonde pana lisiloshika wino. Moshi wa kahawia wa nitriki nao huumiza mapafu. Huna feni ya kutoa hewa nje? Usiiguse.

Feri kloridi haitoi moshi huo, hivyo ndiyo ya anayefanyia kazi nyumbani, na ya anayependa zaidi mawimbi na upeo wa bahari: mistari hubaki myembamba, safi. Tatizo ni mashapo yanayotuama mstarini. Laza bamba kifudifudi juu ya vigingi vidogo, au ongeza asidi ya sitriki, njia ya msanii wa uchapaji Friedhard Kiekeben. Feri kloridi ikipoa huzembea, na rangi yake nzito huficha bamba, tegemea saa.

Dawa hizi mbili zikichoka, zote zimebeba shaba: zisimwagwe mferejini.