TAHADHARI: Muuza saa za zamani wa Forodhani, msimpe hata shilingi

Jamaa, nina hasira mpaka nacheka peke yangu. Miye, mnayeniita profesa wa saa, nimeuziwa gamba tupu kwa 280,000.

Alinipigia Jumanne. Ana Seiko ya betri ya marehemu babake, baharia, aliinunua Japani mwaka 1971. Tukakutana Forodhani baada ya Magharibi, karibu na wauza urojo. Kanzu safi, kofia ya viua, kila anayepita anamsalimia. Akafungua leso taratibu, saa imelala ndani. "Ami, miye sijui thamani yake. Wewe ndiye mjuzi, hebu nieleze."

Hapo ndipo nilipokwisha. Nikafungua darsa! Astron ya Seiko ya 25 Desemba 1969, saa ya mkononi ya kwanza ya kwatsi, yaani ya betri na fuwele, kuuzwa madukani, yeni 450,000. Fuwele inatetema mara 8,192 kwa sekunde, makosa yake sekunde tano tu kwa mwezi, na Uswisi viwanda vikaja kufungwa kimoja baada ya kimoja. Naye anaitikia "Subhanallah", macho yamemtoka kama mtoto wa chuoni. Kumbe kila ninavyoisifu, ndivyo bei inavyopanda, na anayepandisha ni miye mwenyewe.

Mshale wa sekunde umesimama. "Betri tu, ami, tangu mzee afariki." Nisiamini kwa nini? Mikwaruzo ya kweli, kioo kimepauka, mkanda wa chuma wenye alama ya Seiko kwenye kifungo. Na baada ya kununua saa ya Mombasa kwa picha nikajuta, niliapa sinunui tena kwa picha, lazima niishike. Haya, nimeishika. Nikahesabu hela, na kahawa nikamnunulia juu yake, wallahi.

Asubuhi fundi wa Darajani akafungua mfuniko. Akanitazama, akanyamaza. Ndani mna mashine ya plastiki, ile ya saa za elfu tano, imekazwa kwa kipande cha pakiti ya sigara ili isicheze.

Mtu huyu apelekwe mahakamani, kisha apitishwe Darajani mchana na masaa yake shingoni, watu wamzomee! Anakula kwa jina la maiti! Simu keshazima.

Dalili zilikuwepo. Namba ya nyuma ilianza na 8, na kwa Seiko tarakimu hiyo ya kwanza ndiyo tarakimu ya mwisho ya mwaka saa ilipotengenezwa: 78 au 88, vyovyote iwavyo si 71. Jambo hili nawafundisha nyinyi kila siku! Vile vinamba vidogo vya chini usoni navyo havikulingana na vya mfuniko, lakini kwa taa zile za Forodhani nani angesoma. Na nilipotaka twende tukatie betri, akasema fundi wake keshafunga.

Mwenzetu mmoja anasema jana kamwona gatini Mkoani, na leso ileile. Mlioko Pemba, mkimpata mshikeni, anirudishie hela zangu. Saa yake nitampa, na kile kipande cha pakiti ya sigara pia.