Nililipia kimya cha Mlima Elgon, nikauziwa spika

Naandika hii nikiwa bado na hasira. Wiki kadhaa zimepita, nilidhani itapoa, wapi.

Mimi ni nesi hapa Kisumu, wodi ya watu wazima, na shifti za usiku zimenimaliza kabisa. Si ule uchovu wa kulala ukaamka uko sawa, ni ule wa kuamka umechoka kuliko vile ulilala. Kuna mama mgonjwa aliniomba maji nikampa, nikafika mlangoni ndio nikashtuka, sura yake siikumbuki, yaani nimempa mtu maji bila kumwangalia, na mimi si mtu wa hivyo. Mwenzangu wa shifti akanikumbusha vile Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019, kwamba huu uchovu hawauhesabu kama ugonjwa, ni kitu kinaletwa na presha ya kazi ya muda mrefu yenye haijashughulikiwa, na dalili ni tatu, unaishiwa nguvu, unaichukia kazi yako ama moyo unakaa mbali nayo, halafu unaona kazi yenyewe haiendi. Nikajihesabia, zote tatu ninazo. Nikaomba wikendi.

Nikataka mlima. Nikapata mahali upande wa Endebess, chini ya Elgon, kabini za mbao, na tangazo lao limeandikwa wazi: mapumziko ya utulivu, hakuna muziki. Shikeni hapo, hakuna muziki. Mimi sikuuliza kitanda kikoje wala chakula ni gani, nilisoma hayo maneno mawili nikatuma pesa yote kwa M-Pesa siku hiyo hiyo.

Safari si hoja, matatu hadi Kitale kupitia Kakamega na Webuye, kisha Probox tumebanana mpaka Endebess, tumezoea. Na niseme ukweli, Ijumaa usiku ilikuwa tamu. Baridi ya huko si ya Kisumu, nilijifunika blanketi tatu nikalala usiku wote bila kugeuka, kitu sijafanya tangu sijui lini. Kama ningeondoka Jumamosi asubuhi hapa mngesoma sifa tupu.

Watu wameniuliza kama niliingia pango la Kitum, lile ndovu huingia usiku kutafuta chumvi kwa mawe. Sikuingia. Wengine wanalijua kwa ndovu, mimi nalijua kwa Marburg, ule ugonjwa wa virusi wenye huua, kuna watu wawili waliugua, mmoja 1980 na mwingine 1987, na wote walikuwa wamelitembelea kabla. Najua wengi huenda na kurudi salama, sikatazi mtu. Lakini mimi nilikuwa nimekimbia kazi, singeweza kusimama hapo mlangoni nianze kuwaza glavu na maski.

Sasa Jumamosi saa tisa hivi likaingia basi. Watu wa ofisi fulani, wale kampuni huwaleta wavute kamba na kupiga picha. Sina ubaya nao, hata wao labda walikuwa wamechoka. Ubaya ni kwamba vijana wa hapo walishusha spika mbili zimesimama kama friji, wakazipanga hatua thelathini kutoka mlango wangu, na ikapigwa. Nilikuwa na glasi ya maji mezani, yale maji yalikuwa yanatetemeka. Nikafunga dirisha, nikajifunika mto kichwani, nikavumilia nikijiambia wataacha wakila. Walikula. Hawakuacha.

Saa nne usiku nikaenda kwa meneja, kijana tu, anabonyeza simu. Nikamwambia kwa adabu kabisa, samahani ndugu yangu, mliandika hakuna muziki. Hakuinua kichwa.

"Madam, wewe ni mmoja, hawa ni arobaini."

Nikamwambia hata mimi nimelipa. Hapo ndio akaniangalia.

"Kama unataka kimya si uende hospitali."

Hospitali! Aki nilikosa la kusema. Mimi natoka hospitali. Huyu mtu hajawahi kukaa wodini usiku akasikia mashine ikilia, gurudumu la kitanda likikwaruza sakafu, na mtu mzima akimwita mama yake ambaye alishakufa. Nilitaka kumwambia hayo yote lakini koo lilikuwa limefungana, nikageuka nikatoka nje nikalia kwa giza karibu na tangi la maji.

Aliyenikuta ni mlinzi, mzee wa koti refu, na tochi ya mwanga wa manjano yenye alikuwa anaipigapiga kwa kiganja ndio iwake. Hakuniuliza kwa nini nalia. Akasema, "Mama, hapa hutalala. Beba blanketi, twende kwa mke wangu." Nilisita, mwanamke peke yangu usiku, lakini mama mwenyewe akaita kutoka chini kwa miti, karibu mwanangu. Jiko lao liko mbali na zile kabini, kuna kilima katikati, na ukiteremka tu muziki unabaki kama mtu anagonga mlango wa jirani. Wakanipa chai ya maziwa matupu, ina harufu ya moshi, kikombe cha bati kinachoma vidole. Tukakaa. Makaa yanalia kidogo kidogo, hakuna mwenye anaongea, na hakuna mwenye ananidai chochote. Nililala hapo kwa benchi na yule mama, na kabla kupambazuke mbega wakaanza kunguruma huko msituni, mmoja, halafu wengine wakaitikia, nikalia tena lakini si kwa ubaya.

Kwa hivyo sijui niseme nini. Nilikuwa nimeamua ni nyota moja. Nikikumbuka ile chai naona nikisema nendeni, mlima hauna makosa. Halafu nakumbuka Jumapili nikiomba nusu ya pesa yangu na yule kijana ananijibu ikiingia haitoki, damu inachemka upya. Chai haikuwa yao, ilikuwa ya mzee. Hapana, msiende. Ama kama ni lazima, nendeni katikati ya wiki, na mpige simu kwanza muulize kama kuna basi linakuja, mkiwa bado hamjatuma pesa.

Na mkienda mpelekeeni yule mzee betri za tochi, zile kubwa. Zake zimekwisha na anazunguka na hiyo tochi usiku mzima.