Upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula: mkono mzuri, ufuatiliaji hafifu

Mwaka mmoja umepita tangu nipasuliwe katika hospitali moja binafsi jijini Nairobi, ambayo sitaitaja jina, nikiwa na kilo 121, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 43, kisukari cha aina ya 2 na magoti yaliyokwisha kugoma kupanda ngazi. Niliondolewa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, likabaki mrija mwembamba mithili ya ndizi. Aina hii ndiyo inayofanywa kwa wingi zaidi duniani siku hizi: imeupita upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo mwembamba, ulioanzishwa na mpasuaji Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, na imeuacha mbali ule ukanda wa silikoni wa kubana sehemu ya juu ya tumbo la chakula, uliovuma miaka ya 2000, ambao wengi waliovishwa walirudi kuutoa.

Kazi ya chumba cha upasuaji sina la kuilaumu. Nilipewa nusu kaputi, nikapasuliwa kwa matundu matano, jioni nikatembea ukumbini, na siku ya tatu nikaruhusiwa kwenda nyumbani. Leo nina kilo 88 na daktari wangu wa kisukari amenisimamishia vidonge.

Lawama yangu ni ya kabla na baada. Nilikuwa na kiungulia cha miaka mingi, na hakuna aliyenieleza kwamba aina hii huweza kukizidisha, hivyo mtu wa hali yangu mara nyingi hushauriwa ile ya kuunganisha utumbo. Nilipouliza baadaye, nilijibiwa kwamba pale hufanywa hii tu. Dawa mpya za sindano za kupunguza uzito kama semaglutide hazikutajwa hata kwa bahati mbaya. Malipo yalihusisha vikao viwili tu vya mtaalamu wa lishe, ilhali anayepasuliwa hivi huhitaji vitamini na vipimo vya damu maisha yake yote. Nywele zilipoanza kunyonyoka mwezi wa nne, ni mimi niliyeomba nipimwe madini ya chuma na vitamini B12.

Tangu mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vinapendekeza huduma hii kuanzia BMI ya 35 hata pasipo maradhi mengine, badala ya 40 iliyowekwa mwaka 1991, kwa hiyo wateja wataongezeka. Dada yangu ni mmoja wao. Nitampeleka kwa mpasuaji yuleyule, lakini miadi ya lishe na ya damu nimekwisha kumwekea kwingine.