Wasaidizi wa kisheria walinianzia kwenye madeni kabla ya nyumba, na ndo kilichoniokoa

Nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja niliyobakiza nitaielezea huko mbele. Naandika kwa ajili ya dada au kaka ambaye sasa hivi yuko katikati ya talaka na kichwani mwake kuna nyumba tu, nani anabaki na nyumba, mi nilikuwa hivohivo.

Ndoa yangu imekaa miaka kumi na moja, tuna watoto wawili, tunaishi Temeke. Kabla sijafika kwa hawa nilipita kwa mtu mmoja anayeandikia watu karatasi karibu na mahakama, kishoka tu, mtu anayejifanya mwanasheria, nilikuja kujua baadae, akala laki moja na nusu yangu. Aliniandikia kurasa tatu, zote nyumba nyumba nyumba, neno deni halimo hata mara moja. Akaniambia pia we mama usijali, mke ni nusu kwa nusu, sheria iko wazi. Nilipopeleka karatasi nikarudishwa palepale dirishani maana hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa ilikuwa ishapitiliza miezi sita. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mpite baraza kwanza, likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na ile hati ukifungua kesi iwe haijazidi miezi sita tangu itolewe. Yule bwana aliiona tarehe, akaikunja, akachukua hela. Ikabidi nirudi baraza upya, nikae tena kwenye benchi nieleze tena mambo ya chumbani kwangu mbele ya wazee walewale.

Ndo mama mmoja wa kwenye kikundi chetu cha vikoba, kile cha kuweka akiba na kukopeshana, akanielekeza kwenye hii ofisi ya wasaidizi wa kisheria. Chumba kimoja, benchi mbili, feni, ukutani tangazo limeandikwa kwa mkono kwamba huduma ni bure. Na kweli ni bure, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndo inayowatambua na msaidizi hatakiwi kukutoza, kwa hiyo ukikuta mahali mtu anajiita msaidizi wa kisheria halafu anataka elfu hamsini ya kufungua jalada, ondoka.

Alinipokea mama wa makamo, sauti ya chini. Aliniacha nikaongea nikalia nikamaliza, hakunikatisha, halafu akafungua kaunta buku akaniuliza, "Mwanangu, mnadaiwa na nani?" Nikamwambia mama mi nimekuja kwa habari ya nyumba. Akasema, "Nyumba imekaa palepale, haiendi popote. Deni ndo linatembea, ukilala linakua. Tuanze na madeni." Kwa kweli nilikasirika moyoni, nikaona huyu hajanielewa. Lakini akapiga mistari kwenye ukurasa, akaweka safu nne: nani anadai, mkataba una jina la nani, hela ilichukuliwa lini, hela ilienda wapi. Hiyo safu ya nne akaichora pana kuliko zote.

Sababu yake ndo hii, na hakuna aliyewahi kunieleza. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinasema mahakama ikigawa mali iangalie mila za jamii ya wahusika, iangalie kila mmoja amechangia nini, iwe hela, iwe mali, iwe kazi, iangalie mahitaji ya watoto wadogo, na iangalie madeni ambayo mmoja wao aliingia kwa faida ya wote wawili. Kwa faida ya wote wawili, alinirudishia hayo maneno mara tatu. Yani jina lililopo kwenye mkataba wa mkopo sio mwisho wa habari, hela ilifanya nini ndo habari.

Basi tukajaza. Mkopo wa benki wa baba watoto unaokatwa kwenye mshahara, umebaki milioni tano na laki mbili. Vikoba vyangu laki tisa. Mangi wa duka la jirani, unga na mchele na mafuta, laki moja na elfu arobaini. Halafu lile la kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, baba watoto alichukua milioni moja, kwa riba zao imefika milioni moja na nusu. Jumla milioni saba na laki saba na elfu arobaini. Sikuwahi kuiona ile namba imekaa mahali pamoja. Miaka yote kila deni nililijua kwa kipande chake.

Ule mkopo wa benki mi nilikuwa nimeapa haunihusu, ni jina lake, mshahara wake, alipe mwenyewe. Mama akaniuliza tu ulichukuliwa lini, nikamwambia 2019. Na mabati mlipaua lini? 2019. Akanyamaza akaniangalia. Akanituma nyumbani nikatafute risiti, nikazikuta kwenye ndoo ya plastiki juu ya kabati, risiti za mabati na mbao na misumari. Zile za EFD, zinazotoka kwenye mashine ya risiti za kodi, zilikuwa zishafifia, nyingine imebaki kama karatasi nyeupe tu, ukiipeleka dirishani ukaigeuzageuza ndo unaona kwa mbali tarehe na jumla. Hapa naomba msome vizuri: risiti ya EFD ikikaa muda inafutika, leo hii ukitoka dukani itoe kopi au ipige picha, usisubiri ndoa iharibike. Mbili zilizosomeka zilikuwa na tarehe wiki moja baada ya hela ya mkopo kuingia kwenye steitimenti yake. Kwa hiyo ule mkopo uko juu ya vichwa vyetu mimi na yeye na watoto kila mvua ikinyesha, siwezi kudai nyumba yenye bati halafu nikakana deni la bati. Iliniuma ila ni haki, na mimi nataka haki hata kama inanikata.

Hili la kausha damu ndo lilikuwa baya. Hela sijui ilienda wapi mpaka leo, nyumbani haikuingia, safu ya nne ikabaki tupu. Nikashusha pumzi nikajua hilo ni lake. Mama akaomba mkataba, akausoma mpaka mwisho, akaweka kidole chini kabisa: mdhamini, jina langu na sahihi yangu. Nilisaini usiku mezani, chakula kinapoa, aliniambia ni fomu ya kazini. Mama akanieleza taratibu kabisa kwamba hakimu anaweza akasema kati yenu nyinyi wawili deni hili ni la mume, sawa, lakini mkopeshaji hakuwepo kwenye ndoa yenu, yeye ana sahihi yako na talaka haifuti sahihi. Mume asipolipa anakuja kwako. Hivohivo kwa benki na vikoba, makubaliano yenu ya kugawana madeni yanawafunga nyinyi, aliyewakopesha hayamfungi mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi. Kama kuna kitu kimoja nataka mtu achukue hapa ni hicho.

Tena yule mkopeshaji alikuwa ameshikilia kadi ya benki ya baba watoto na namba ya siri, na karatasi ya mauziano ya kiwanja chetu chenye nyumba. Nyumba ninayolala na wanangu iko bondi na mimi sijui! Hapo mama alibadilika sura. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa hiyohiyo kinakataza mmoja kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Akaniandikia barua ya kwenda kwa mkopeshaji kwamba mke hakuridhia, kopi serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri. Akanieleza pia kwamba Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa aina hiyo kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi, na lazima wawe na leseni. Sisi tulikuwa tunapigwa ishirini. Barua ya pili ikauliza leseni iko wapi na hesabu ya riba imepatikanaje. Siku tatu baadae simu ikapigwa, sauti ya upole, njooni tuongee.

Mume aliitwa akaja, namshukuru kwa hilo. Mama hakuwa upande wangu wala upande wake, alimpa nafasi na yeye ajaze safu zake. Na ndo hapo mume aliposema kitu ambacho sisi tulikiruka, kwamba vikoba mnaandika deni lakini mbona hisa hamjaandika? Ni kweli, nina hisa na akiba za laki sita mle kwenye kikundi, hiyo nayo ni mali iliyochumwa ndani ya ndoa, ikaandikwa. Nilitamani mama awe ameliuliza mapema kabla halijatoka mdomoni kwa mwenzangu ikaonekana kama nilificha. Kiwanja nilichoachiwa na marehemu baba kule Mkuranga kilibaki changu, maana cha urithi hakigawanywi, isipokuwa mngekuwa mmekiendeleza kwa nguvu za wote, na sisi hatujaweka hata tofali.

Makubaliano yakawa hivi. Pikipiki iuzwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote, ilipe kausha damu, maana ndo deni linalokimbia na lina sahihi ya wote. Iliuzwa milioni moja na laki sita, mkopeshaji baada ya zile barua akakubali milioni moja na laki mbili na nusu. Hatukutoa hela mpaka akaandika barua ya kumaliza deni, akarudisha mauziano, kadi, na mkataba halisi tukauchana mbele yake. Ikabaki laki tatu na nusu, mangi akalipwa yake yote, inayobaki ikaenda sare na madaftari ya watoto. Benki anaendelea yeye kukatwa, ila hilo limehesabiwa kwenye mgao kwamba anabeba mzigo wa wote, ndo maana kiwanja chetu cha pili na vitu vya ndani vya thamani nimemwachia. Vikoba nalipa mimi, na hisa zinabaki zangu. Nyumba nabaki na watoto.

Tulipoenda mahakamani, kesi yangu ilikuwa pale Kituo Jumuishi cha masuala ya familia Temeke, kile kilichoanza 2021 ambacho mahakama za ndoa na mirathi, kuanzia ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu, ziko eneo moja, tulikuwa na karatasi mbili tu zilizosainiwa na risiti nyuma yake. Sikuzungushwa.

Kuhusu ile nusu kwa nusu ya yule kishoka, niseme kidogo, maana wanawake wengi tunaambiwa hivo. Hakuna nusu inayokuja yenyewe. Kazi za nyumbani zinahesabika kama mchango, Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na ni ushindi mkubwa ule. Lakini mama alinisimulia mpaka mwisho ambao watu huwa hawausemi, kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao zaidi, kwa sababu mahakama iliona mume alishampa hela za biashara na zikapotea mikononi mwake. Kwa hiyo eleza ulichofanya, mwaka kwa mwaka, na hela ulizoshika zilienda wapi. Mimi niliandika nilivyobeba maji ya kumwagilia tofali nikiwa na mimba ya pili. Sikujua kama hilo linaandikwa mahakamani, linaandikwa.

Sasa nyota niliyobakiza. Ile ofisi haina faragha. Siku ya usuluhishi tulikuwa tunaongelea hela na mambo ya mwenzangu kuwa na mwanamke mwingine huku nyuma yetu kwenye benchi kuna watu watano wanasubiri, mmoja ananunua kwangu vitenge. Hata pazia lingesaidia. Pia hakuna aliyeniambia mapema kwamba msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani kukutetea, nilijua mama ataingia na mimi, asubuhi ya kesi ndo nasikia ataishia nje. Niliingia miguu inatetemeka. Waseme hilo siku ya kwanza, mtu ajipange au aombe wakili wa msaada. Na wanafungua siku mbili tu kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, ukifika saa nne umechelewa, mi nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili.

Ukienda beba hati ya ndoa, hati ya baraza uangalie tarehe yake, mikataba yote ya mikopo hata ile unayoona aibu kuionyesha, mesej za miamala usizifute, na steitimenti za benki kama unazipata. Usiende na ndugu wa kupiga kelele. Kama mnaweza kwenda wawili nendeni wawili.

Mi vikoba nimebakiza laki tatu na nusu. Mkopo wa benki unaisha Juni mwakani Mungu akipenda, kopi ya jedwali la marejesho nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, kila tarehe ishirini na nane baba watoto ananitumia picha ya salari slipu naangalia makato yamekatwa, naweka tiki kwa kalamu.