Upasuaji wa kope za juu: nilichokipata na cha kutegemea kama unafikiria kufanya

Naanza na hukumu kabisa kwa asiye na muda wa kusoma mpaka chini: upasuaji wa kope unafanya kazi na unafanya vizuri mno, ila kwa tatizo la ngozi iliyozidi na mafuta yaliyovimbisha kope basi. Ukiupelekea tatizo lingine utashonwa na bado hutaipenda sura yako.

Mimi ngozi ya juu ilikuwa imeshuka mpaka inakalia nywele za kope, upande wa nje ndo ilizidi, yaani nikisoma jioni nanyanyua nyusi bila kujijua ili nione vizuri, kichwa kinauma, halafu kila ninayekutana nae ananiuliza mbona umechoka hivyo, umelia? Na nimelala vizuri tu.

Kilichonifanya niipe hii huduma alama za juu ni siku ya kuonana na daktari, hata kuliko operesheni yenyewe. Hakuanza na tarehe wala malipo. Alinikalisha mbele ya kioo akashika nyusi kwa kidole akazipandisha kidogo akaniambia angalia, akaniuliza kama macho yangu huwa makavu, kama navaa lensi, sukari, presha, tezi ya shingoni, sigara, dawa ninazomeza zote mpaka zile za kununua tu dukani. Akaniwekea vikaratasi vyembamba kwenye kope za chini kupima machozi, maana mwenye macho makavu akipunguzwa ngozi ya kope yanaweza kukauka zaidi na kuwasha muda mrefu.

Halafu akanieleza kitu ambacho natamani kila mtu aelezwe, kwamba kope inayoonekana imelala inaweza kuwa na sababu tatu tofauti kabisa. Inaweza kuwa ngozi imezidi, hiyo ndo kazi ya upasuaji huu wanaouita blefaroplasti. Inaweza kuwa msuli unaonyanyua kope umelegea, na hapo unaweza kukata ngozi yote unayotaka jicho halifunguki zaidi, msuli wenyewe ndo unatakiwa kukazwa. Au ni nyusi zimeshuka zikasukuma ngozi chini, na hapa ndo pa kuogopa kwa sababu ukikata ngozi nyingi, nyusi zinavutwa chini zaidi na jicho linaweza kushindwa kufunga. Ndo maana wanapima, kwa kawaida wanataka ibaki kama milimita 20 za ngozi kati ya nyusi na mstari wa nywele za kope. Ngozi ikibaki nyingi unaweza kurudi ukapunguzwa tena, ila ikikatwa nyingi mno kuirudisha ni kazi ngumu sana. Daktari anayekwambia nitakata kidogo ni wa kumsikiliza, na ambaye hakupimi chochote anakimbilia kukupangia siku, mkimbie.

Kabla ya siku yenyewe unaambiwa uache vitu vinavyofanya damu isigande haraka, aspirini, ibuprofeni, vidonge vya mafuta ya samaki, vitamini E, ila kama dawa ya kuyeyusha damu umeandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache kwa uamuzi wako, waache madaktari wako wawili waongee.

Operesheni: wanakuchora ukiwa umekaa, kwa sababu ukilala ngozi inarudi nyuma na vipimo vinadanganya. Sindano ya ganzi inachoma, machozi yanatoka, na hayo ndo maumivu makubwa ya siku nzima. Baada ya hapo niko macho nasikia tu kuvutwavutwa na harufu ya kuunguza vile vimishipa vya damu, harufu hiyo hakuna aliyeniambia kabla na ilinishtua. Wanakata kwenye ule mkunjo wa asili wa kope ili kovu lijifiche humo. Kope za juu peke yake ni kama saa moja hivi, wengine wanapewa na dawa ya usingizi mwepesi.

Sasa kupona, hapa ndo watu wanadanganywa na zile picha za kabla na baada. Uvimbe unazidi siku ya 2 na ya 3 ndo unaanza kushuka, weusi wa damu unateremka mpaka mashavuni, jicho moja linavimba kuliko lingine unaanza kuhisi wamekuharibu, na ile dawa ya kupaka inafanya uone ukungu. Barafu kwenye kitambaa kwa siku mbili za mwanzo, lala kichwa kikiwa juu, usiiname, usinyanyue vizito. Nyuzi zinatolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Lensi subiri kama wiki mbili au mpaka daktari akuruhusu. Usiku mwanzoni kope hazikufunga kabisa, matone na ile dawa nzito ya kupaka vilinisaidia sana. Na ganzi kwenye ukingo wa kope inakaa wiki kadhaa, unapaka wanja husikii kitu.

Malalamiko yangu ni moja na ni kubwa: karatasi ya maelekezo niliyopewa ilijaa habari za losheni na miwani ya jua, dalili za hatari zimebanwa mwishoni kwa maandishi madogo. Zilitakiwa kuwa juu kabisa. Mara chache sana damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho, na hiyo inaweza kukupofusha ndani ya masaa machache. Maumivu makali yanayoongezeka, jicho moja linatokeza nje au linakuwa gumu, kuona kunafifia, unaenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, hakuna kusubiri kukuche.

Kuhusu kope za chini, niliuliza pia. Kama ni mafuta tu wanaweza kupitia ndani ya kope bila kovu la nje, kama na ngozi imelegea wanakata chini kidogo ya nywele, na hapo kuna hatari ya kope kuvutika chini. Weusi chini ya macho unaotokana na rangi ya ngozi hautoki kwa kisu, mikunjo ya pembeni ukicheka haitoki pia, kwahiyo mimi za chini nimeziacha, wangu ni weusi wa rangi.

Kovu langu bado lina uwekundu kidogo nikifumba macho, waliniambia linaendelea kufifia kwa miezi mingi mpaka mwaka. Nikifumbua halionekani, nasoma jioni bila kunyanyua nyusi na kichwa kimeacha kuuma.