Vyambo vya juu ya maji kwa besi: kipi ununue kwanza, kipi kingoje

Mbele ya rafu ya vyambo bandia, jicho hukimbilia vile vilivyochorwa kama samaki hai, na magamba, mashavu mekundu na jicho linalometameta. Watengenezaji wanalijua hilo vizuri. Lakini besi, samaki mwindaji wa maziwa na mito anayeitwa bass kwa Kiingereza, yuko chini, anatazama juu kwenye mwanga, na kinachomfikia ni kivuli cha umbo, mtikisiko wa maji na sauti. Magamba yaliyopakwa mgongoni hayamhusu. Ndiyo maana hapa nimepanga vyambo kwa umbo, mwendo na namna vinavyokaa majini, na rangi nimeiweka nyuma. Ukitaka kuchagua rangi, geuza chambo uangalie tumbo: jeupe kwa maji maangavu, jeusi kwa alfajiri, usiku na maji ya tope.

Namba moja ni chura wa mpira mwenye tumbo tupu. Ndoana zake mbili zimelala mgongoni zikielekea juu, kwa hiyo hupita juu ya mayungiyungi na magugu mazito ambako chambo kingine kingenasa kwa mtupo wa kwanza, na besi wakubwa wenye mdomo mpana hupenda kujificha humo humo wakati wa joto. Kabla hujalipa, mbane katikati ya kidole gumba na cha shahada. Mwili ubonyee kirahisi hadi ncha za ndoana zitokeze. Ukimwachia, ajae tena na ncha zirudi kugusa ngozi. Mpira ukiwa mgumu, besi atauma na kuachia bila kunaswa. Kisha angalia puani, pale shina la ndoana linapotokea. Hapo ndipo maji huingia. Tundu likiwa pana, chura ataanza kuzama kitako na utakuwa unamkamua kila mara. Miguu ya nyuzi huja mirefu mno, kwa hiyo ipunguze kwa mkasi mwenyewe. Mvulie kwa mshipi wa kusokotwa wenye nguvu ya kuhimili paundi 50 hadi 65 na ufito mgumu wa kuvulia, na besi akimpiga usikurupuke: ngoja usikie uzito mkononi ndipo uvute kwa nguvu.

Kwa maji wazi yasiyo na magugu, namba mbili ndiyo ya kwanza: kijiti cha zigizaga. Kinachojulikana zaidi ni Zara Spook cha Heddon, kampuni iliyoanzia Michigan, Marekani. Toleo la plastiki lilitoka mwaka 1939 na mpaka leo linauzwa. Kina urefu wa sentimita 11 hivi, hakina mdomo wala propela, na kikivutwa tu hakifanyi lolote. Uhai wake unatoka kwenye kifundo cha mkono wako. Shusha ncha ya ufito, ipige pigo fupi, mara hiyo hiyo uulegeze mshipi. Kichwa kitageukia kushoto. Piga tena, kitageukia kulia. Wengi hushindwa kwenye kule kulegeza, maana ukiukaza mshipi muda wote kijiti kitakuja kimenyooka tu. Ukishaupata mdundo, utaona samaki mdogo aliyejeruhiwa, mfano ambao hakuna rangi ya dukani inayoweza kuuiga. Chenye gololi tumboni kinafaa maji yenye mawimbi. Maji yakitulia, chukua cha kimya.

Namba tatu, popa, ile yenye mdomo uliochimbwa ndani. Ndiyo ninayomshauri anayeanza, kwa sababu haina ufundi mwingi: tupa, ngoja viwimbi vipotee, vuta kidogo iteme maji, ngoja tena. Rebel Pop-R ya sentimita 6 inatosha. Ubora wake uko kwenye kungoja, hasa kando ya gogo au nguzo ya gati, mahali ambapo kijiti kingeshapita na kwenda zake.

Neno moja kuhusu mshipi, maana ukikosea kuuchagua unaharibu vyambo vizuri bure. Mshipi wa florokaboni, aina ya plastiki nzito kuliko maji, huzama, nayo huburuta pua ya popa na kijiti kwenda chini. Tumia nailoni, au wa kusokotwa ambao huelea.

Namba nne ni chambo chenye mkia unaozunguka, kama Whopper Plopper wa River2Sea. Tarakimu kwenye jina lake ni urefu kwa milimita: 90, 110, 130. Kwa kufanana na kiumbe hai hakifikii hivyo vya juu, ila unakitupa na kukunja mshipi kwa kasi moja basi, na unamaliza ziwa kubwa haraka. Kabla ya kununua, zungusha mkia kwa kidole. Ukikwama kwama, kirudishe rafuni.

Tano ni panzi na nyenje bandia. Ni vidogo na vyepesi, kwa hiyo vinataka ufito laini na mshipi mwembamba, na vinafaa zaidi mito na mabwawa yenye miti iliyoinamia maji. Nafasi yao hubadilika jambo moja likitokea: mashariki ya Marekani wapo nyenje wanaotoka ardhini baada ya miaka 13 au 17, kama kundi la Brood X la mwaka 2021. Wakiwa wanadondoka majini kwa wingi, weka chura mfukoni ufunge nyenje.

Mwisho kabisa nawaweka panya na vifaranga wa bata. Wanapendeza, siwezi kukataa, na Savage Gear wanawatengeneza kwa ustadi. Lakini ni wakubwa, wanataka ufito wa kazi nzito, na besi wadogo wengi watawapiga bila kunaswa. Panya ana usiku wake, akivutwa polepole kandokando ya ukingo. Kifaranga mnunue pale tu unapovua kwenye maji ambayo umeona bata wakipungua vifaranga, na unamtaka besi mmoja mkubwa kuliko wengi wa kawaida.