Huduma ya kusoma DNA ya viwavijeshi vamizi: kazi safi, imeli mtihani

Nyota nne natoa. Niliwatumia miguu tu ya nondo, yaani kiwavijeshi akishakomaa na kuota mabawa, imelowekwa kwenye ethanoli, na DNA ikatoka safi kabisa, wakanirudishia sehemu kibao zenye herufi zinazojirudia, CACACACA, ambazo ndo unatengenezea alama za kijenetiki za kufuatilia mdudu kaingia akitokea wapi. Ila nondo na vipepeo kwa hili wasumbufu bwana, pembeni ya hizo sehemu herufi zinafanana mno kwingine kwenye jenomu, yaani DNA yote ya mdudu, kwa hiyo alama nyingi zinafeli, wangesema mapema basi! Nilichopenda zaidi, wamesoma na jeni ya Tpi, iliyo kwenye kiini cha seli, maana COI, jeni ya kwenye mitokondria, inarithiwa kwa mama peke yake, ukiitumia yenyewe tu chotara wa aina mbili za mdudu huyu huwezi kumgundua. Kujibu imeli sasa, mpaka uwakumbushe weee.